Kipimo cha Rosette

"We Rosette! Ile maji njo ya bugali. Unaioga?"

Rosette alitoa mikono kwenye beseni. Hakuwa anaoga. Alikuwa ameizamisha mikono hadi kwenye viwiko, akaisahau humo. Ilikuwa kawaida yake. Kila asubuhi ndoo zikifika nyumbani kutoka bombani, Rosette ndiye wa kwanza kuyagusa maji. Kuyabeba hawezi, maana ndoo ni nzito na mguu wake wa kulia hauna nguvu. Lakini kuyagusa, hapo hana mpinzani.

"Nilikuwa nanawa, mama."

"Kunawa gani kwenye kunamaliza asubuhi yote? Kuya hapa. Vifungo vinakungoja."

Mama yake anaitwa Antoinette. Ni fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Hushona magauni ya harusi, sare za kwaya na chochote anacholetewa. Rosette, mwenye miaka kumi na minane, humsaidia kutia vifungo na kupiga pindo. Ana mkono mwepesi. Lakini mara kwa mara sindano husimama hewani, na macho yake hutazama mbali. Mama yake anajua yametazama wapi.

Rosette alizaliwa Uvira, kwenye nyumba inayoangalia Ziwa Tanganyika. Alipokuwa na miaka miwili alipata polio. Homa iliisha, mguu wa kulia ukabaki mwembamba na mlegevu. Hadi leo hutembea kwa fimbo. Akiisahau fimbo, husukuma paja kwa mkono ili goti lisikunjike.

Baba yake, Robert, alikuwa mwashi. Kila jioni, saruji ikiwa bado mikononi, alimbeba mtoto hadi ziwani. Alimlaza juu ya maji, akaweka kiganja chini ya tumbo lake.

"Piga mikono," alimwambia. "Mi niko hapa."

Mtoto akapiga mikono. Siku moja aligeuka akamwona baba yake amesimama mbali, amekunja mikono kifuani, anacheka. Kumbe kiganja kilikuwa kimeondoka zamani.

Vita vilipowafukuza, Robert aliwafikisha mpakani. Kisha akarudi kumchukua mama yake mzee. Hadi leo hawajapata habari yake. Kila Noeli Antoinette humwekea sahani mezani. Hapa Dzaleka hakuna anayemcheka, maana nyumba nyingi zina sahani kama hiyo.

Kwa hiyo Rosette alikuwa na hamu ya maji. Si hamu ya mchezo. Ni ile hamu inayouma kifuani kama njaa. Kambini hakuna ziwa. Kuna bomba, foleni na vumbi.

Jirani yao anaitwa Charlotte. Kule Bukavu alifanya kazi hospitalini. Kazi yake ilikuwa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ili viungo vyao vipate nguvu. Sisi Wakongomani tunamwita mtu wa kazi hiyo kine. Charlotte ni mtu mzuri, ila mdomo wake haujui likizo. Mwaka jana alisikia kuna shule moja Lilongwe inayowaachia watu wenye ulemavu bwawa lake la kuogelea kila Jumamosi. Akagonga kila mlango wa ofisi za kambi kumwombea Rosette ruhusa ya kutoka. Aligonga hadi wakachoka naye, wakampa.

Siku ya kwanza Rosette alipoingia bwawani, alilia. Kocha wa pale, Mmalawi anayeitwa Thokozani, alidhani anaogopa. Akajirusha majini na nguo zake ili amwokoe. Kabla hajamfikia, Rosette alikuwa upande wa pili.

"Zikomo," kocha alishukuru kwa Kichewa akitema maji. "Nadhani wewe ndiye utanifundisha mimi."

Tangu hapo Rosette aliishi kwa ajili ya Jumamosi. Lakini Juni baridi ya Lilongwe ikafika, bwawa likafungwa. Rosette akarudi kwenye beseni lake.

Baridi ilipoisha, Charlotte alikuja kwa Antoinette akihema.

"Mama Rosette, sikia! Kunakuwa mashindano ku Lilongwe. Ya baogeleaji benye ulemavu, ba Malawi muzima. Thokozani ameandikisha jina ya Rosette!"

Sindano ilimponyoka Rosette mkononi.

"Lakini kwanza," Charlotte aliendelea, "batamupima. Batamupa daraja."

"Daraja ya nini?" Antoinette aliuliza.

Charlotte akavuta kiti. "Nikuulize. Mutu mwenye hana mikono yote mibili akishindana na mutu mwenye hana kidole kimoja, iko haki?"

"Haiko haki."

"Njo juu ya ile banapanga madaraja. Herufi S na namba. S moja mupaka S kumi ni ya mwili: mikono, miguu, mugongo, ao urefu. Kumi na moja mupaka kumi na tatu ni ya macho. Kumi na ine ni ya benye akili yao inachelewa kujifunza. Kwa mambo ya mwili, namba ikiwa kidogo, ulemavu unazuia mutu sana mu maji. Namba ikiwa kubwa, unamuzuia kidogo. Vile kila mutu anashindana na wenzake."

"Na banapima namna gani?" aliuliza Rosette. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bapimaji bako babili. Mumoja anajua mwili, mwingine anajua kuogelea. Kwanza banakulalisha ku meza. Banakuambia sukuma, vuta, kunja. Pili unaingia mu maji, banaangalia. Tatu banakuangalia tena siku ya kushindana. Tutabeba karatasi ya hospitali yenye kuonyesha ugonjwa. Na nguo ya kuogelea, na fimbo yako. Unaweza kuingia na mutu mumoja wa kukusindikiza." Charlotte akainua kidole. "Na kitu kikubwa ni hiki: unaweka nguvu yako yote. Yote!"

Antoinette aliitikia kwa kichwa. Lakini katika maneno yote yale, sikio lake lilikuwa limekamata neno moja tu. Kupimwa.

Hapa msomaji wangu anisikilize vizuri. Sisi wa Dzaleka tunakujua kupimwa. Tumeulizwa maswali na watu wa chakula, watu wa mablanketi, na watu wa safari za kwenda nchi za mbali. Ukisema unaweza, unaambiwa subiri. Ukisema huwezi, kalamu inaanza kutembea. Namjua mwimbaji mmoja wa kwaya ambaye sauti yake hutikisa mabati ya kanisa. Mwite mbele ya karani, atakohoa mpaka aletewe kiti. Hakuna aliyetufundisha darasani. Miaka ndiyo imetufundisha.

Charlotte alipoondoka, Antoinette alifunga mlango.

"Lala ku mukeka," alimwambia Rosette. "Tufanye ile mambo ya kusukuma."

Rosette akalala. Mama akashika mguu wa kushoto, ule mzima.

"Sukuma."

Rosette akasukuma. Mama akaangukia kitako, akaangusha na kikapu cha nyuzi.

"Hapana! Haiko vile! Usisukume sana. Huu muguu pia uko na shida, unasikia? Na kiuno iko na shida."

"Mama, muguu wa kushoto hauna shida. We mwenyewe umeanguka."

"Rosette!" Antoinette alikaa sawa. "Bale benye kusemaka banaweza, bako wapi? Bangali hapa na sisi. Benye kupelekwa mbali ni bale bagonjwa sana. Ukipata ile namba ya chini, batasema huyu mutoto anahitaji musaada. Batakupeleka kushindana mu inchi zingine. Labda kule kunapatikana dawa. Labda kule..." Hakumaliza.

Rosette alijua alichotaka kusema. Labda kule kuna mtu anayeweza kumtafuta Robert. Mama yake alikuwa na matumaini mengi, na yote aliyapitisha kwenye mlango mmoja.

"Sawa, mama," alisema.

Siku ya kupimwa ikafika. Mashindano yalikuwa kesho yake, Jumamosi. Wanawake hao watatu walipita Old Town, Lilongwe, kwenye mitumba ambayo Wamalawi huita kaunjika. Antoinette alichagua nguo nyeusi ya kuogelea. Alikuwa amebeba sindano na futi yake ya kupimia, kwa hiyo aliipunguza palepale, amekaa kwenye baraza ya duka. Kisha wakaenda bwawani.

Antoinette alisema yeye ndiye atakayeingia na mtoto wake. Charlotte akabaki nje na mabegi.

Chumbani kulikuwa na meza ndefu yenye godoro jembamba. Mpimaji wa mwili alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi. Mpimaji wa kuogelea alikuwa mwanamume mrefu, filimbi shingoni. Waliongea Kichewa taratibu, na Rosette alikielewa vizuri. Miaka yote hii kambini si michache.

"Karibu, Rosette," alisema yule mwanamke. "Kama kitu kinakuuma, sema. Kama hujaelewa, uliza. Hatukuhukumu. Tunataka kujua mwili wako unafanya nini. Kila nikisema sukuma, tumia nguvu yako yote. Umeelewa?"

"Ndiyo."

Alianza na mikono. Mikono ilikuwa na nguvu, na Rosette hakukumbuka kuificha. Kisha mpimaji akashika mguu wa kulia. Kifundo hakikusogea, na huo ulikuwa ukweli. Goti lilisogea kidogo, na huo pia ulikuwa ukweli.

"Sasa nyanyua paja."

Paja la kulia Rosette huweza kulinyanyua. Alimtazama mama yake. Antoinette alikuwa amekaa pembeni, anajifuta macho kwa kitenge. Alifanya vilevile kila mara mbele ya makarani. Rosette akaliacha paja lilale.

"Mguu wa kushoto. Sukuma mkono wangu."

Akasukuma kidogo sana. Mpimaji akamtazama usoni.

"Hiyo ndiyo nguvu yako yote?"

"Ndiyo," alisema Rosette. Uso wake ulikuwa wa moto. Aliona aibu hadi masikioni.

Wakatoka kwenda bwawani. Charlotte alikuwa kwenye benchi, akampungia mkono. Yule mwanamume akasema, "Ogelea mpaka mwisho, geuka, urudi."

Rosette alishuka ngazi. Maji yalikuwa baridi. Yalimfika magotini, kiunoni, kifuani. Tangu Juni alikuwa ameyaota. Mezani alikuwa amekumbuka kila neno la mama yake. Sasa akafumba macho, na maneno hayo yakamtoka yote. Alimkumbuka baba yake tu, na kile kiganja.

Akaweka mguu wa kushoto ukutani, akausukuma ukuta kwa nguvu zote alizonazo.

Aliteleza chini ya maji kama aliyefunguliwa kamba. Aliibuka mbali. Mikono ikakata maji, kiuno kikageuka, mguu wa kushoto ukapiga bila kuchoka. Alifika mwisho, akageuka, akasukuma ukuta tena. Hakumfikiria mpimaji wala daraja. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata kwa miezi.

Filimbi ikalia.

Rosette alishika ukingo. Wapimaji walikuwa wamesimama juu yake. Hawakuwa na hasira, lakini hawakuwa wanatabasamu.

"Rosette," alisema yule mwanamke, "mezani mguu wako wa kushoto ulishindwa kusukuma mkono wangu. Sasa hivi umesukuma ukuta, umefika karibu na katikati ya bwawa. Vitu hivi viwili havilingani. Kuna jambo unataka kutuambia?"

Rosette alimtazama mama yake. Kusema ukweli ni kumtaja mama yake. Kunyamaza ni kuyapoteza maji. Alibaki ameshika ukingo.

"Asiyeweka nguvu yake yote hapewi daraja," alisema yule mwanamume. "Na asiye na daraja hashindani. Anayejipunguza kwa makusudi anaweza kufungiwa miaka mingi."

Antoinette hakukijua Kichewa sana, lakini aliuona uso wa mwanawe. Alikuwa ameuona ukiwa hivyo mara moja tu, siku ile mpakani, baba alipogeuka kurudi. Akasimama.

"Mama Charlotte, kuya!" aliita. "Kuya uniambilie hawa bantu. Ni mi. Haiko mutoto, ni mi."

Charlotte alikuja. Alitafsiri neno kwa neno, hakupunguza kitu.

"Mi njo nilimufundisha," alisema Antoinette. Safari hii hakujifuta macho, ingawa yalikuwa yanatiririka. "Tangu tulifika hii inchi, kila mutu mwenye kuniuliza juu ya mutoto wangu, ananiuliza kitu hawezi. Hawezi kutembea? Hawezi kubeba? Hawezi kulala? Mi najibu. Hakuna hata mumoja amesha niuliza kitu anaweza. Nimezoea vile. Nilizani na nyinyi muko vilevile. Munisamehe. Musimukataze maji."

Wapimaji wakasogea pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini. Kisha yule mwanamke akarudi, akachuchumaa karibu na Rosette.

"Leo hatukupi daraja," alisema. "Lakini mmesema kabla hatujaandika chochote, na hii ni mara yako ya kwanza. Kesho asubuhi, kabla ya mashindano, tutapima upya, mwanzo hadi mwisho. Ukificha tena, hata kidogo, hutaogelea. Sawa?"

"Sawa," alisema Rosette. "Zikomo kwambiri."

Msomaji, usije ukajaribu ukidhani nawe utaonewa huruma. Wengine hawakupata nafasi hiyo ya pili.

Usiku huo walifikia mtaa wa Biwi, kwa Esperance, mwanamke wa kanisa lao. Esperance akapika nsima, ugali wa Kimalawi, na samaki. Antoinette hakugusa chakula. Alikaa akiizungusha futi yake mkononi, aikunje, aikunjue.

"Mama Rosette," alisema Charlotte, "ile futi unaitumia namna gani? Mama anakuja, anataka robe, gauni ya ndoa. Unamupima, anavuta tumbo. Unafanya nini?"

"Namuambia apumue."

"Juu ya nini?"

"Akivuta tumbo, robe itamubana. Zipu itapasuka mbele ya pasta." Antoinette alicheka kidogo bila kutaka. "Ilisha fika. Mama mumoja wa kule Dzaleka. Alitembea ndoa muzima na kitenge ku mugongo."

"Na mwingine akijaza tumbo na pumzi?"

"Robe itamuanguka."

"Njo vile. Daraja ni futi. Haiko musaada, haiko pole. Banataka kujua mwili iko namna gani, bamushonee yenye kumuenea. Kesho mutoto apumue tu."

Antoinette aliikunja futi polepole. "Na bakimupa namba kubwa? Bakisema ulemavu wake ni mudogo?"

"Atashindana na benye kuwa sawa naye. Na tukiona bamekosea, kocha anaweza kuomba bamupime tena. Iko njia. Lakini angepata namba ya chini kwa uongo, angeshinda nani? Angeshinda mutoto wa mama mwingine, mwenye hana ile nguvu. Ule mama naye amekuja kuangalia mutoto wake."

Antoinette hakuwa amemfikiria mama huyo. Sasa alimfikiria.

"Mama," Rosette alisema. "Mi sikukasirikii. Lakini nataka kuogelea na nguvu yangu yote, bantu banione. Tangu papa aende, hakuna mutu ameniona. Banaona tu muguu."

Antoinette alimvuta mwanawe, akamlaza kichwa begani. "Mi nitakuona," alisema. "Kesho nitakuona." Halafu akavuta sahani ya nsima, wakala pamoja.

Asubuhi Rosette alilala tena juu ya ile meza.

"Nyanyua paja."

Akalinyanyua, likatetemeka, akalishikilia.

"Mguu wa kushoto. Sukuma."

Akasukuma. Mpimaji akarudi nyuma hatua moja, akacheka. Kule pembeni Antoinette alikuwa amekaa wima. Kitenge kilikuwa kiunoni mwake, kimefungwa vizuri. Majini mambo yakalingana na ya mezani. Wapimaji walishauriana, kisha wakamwita Rosette pamoja na kocha.

"Daraja lako ni S9," alisema yule mwanamume. "Hilo ni kwa mtindo huru, kwa kuogelea chali, na kwa kipepeo. Kwa mtindo wa chura utakuwa SB8, kwa sababu mtindo ule unadai miguu zaidi. Leo tutakuangalia tena ukishindana, ndipo tuthibitishe. Hili ni daraja la hapa nchini. Siku ukienda mashindano ya kimataifa, watakupima upya. Na mwili ukibadilika, daraja nalo linaweza kubadilika."

"S9," Rosette alirudia. Alilisema polepole, kama jina la mtu anayependa kumjua.

Mchana wakaitwa kwenye mtindo huru, kwenda na kurudi. Rosette alipangwa karibu na msichana wa mtaa wa Area 23 anayeitwa Tadala, ambaye hana mkono wa kushoto kuanzia chini ya kiwiko. Tadala alimkonyeza. "Usinionee huruma," alisema. "Na wewe usinionee," alijibu Rosette. Wakacheka wote wawili.

Mlio wa kuanzia ukasikika.

Antoinette alikuwa hajamwona Rosette akiogelea tangu Uvira. Zile Jumamosi zote alikuwa kwenye cherehani yake. Na jana na leo asubuhi, akiwa na hofu moyoni, alitazama nyuso za wapimaji tu. Sasa alitazama. Akaona kiwiko cha mwanawe kikipanda juu, kikasimama kidogo, halafu mkono ukatupwa mbele. Robert alikuwa akiogelea vilevile, kiwiko juu, kama anayetupa saruji ukutani. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeogelea hivyo.

"Robert," Antoinette alisema kwa sauti. Hakuwa amelitamka jina hilo kwa muda mrefu. Kisha akapiga kelele, "Piga mikono! Piga mikono, mutoto wangu! Mi niko hapa!"

Tadala alifika wa kwanza. Rosette alikuwa wa pili, nyuma yake kwa urefu wa mkono. Tadala alimkumbatia majini. Kocha Thokozani aliruka kando ya bwawa mpaka kofia ikamdondoka.

Wengine walitoka majini, Rosette akabaki. Alikuwa ameshika ukingo, kidevu juu ya mikono yake. Antoinette alikuja akapiga magoti pale kwenye saruji iliyolowa.

"Umechoka?"

"Hapana." Rosette aligeuza uso. "Mama, ukuta uko karibu sana. Kule ku ziwa hakukuwa ukuta."

"Najua," alisema Antoinette. Akatia mikono yake majini hadi kwenye viwiko, akaiacha humo. Hakumwambia mtoto atoke.

Sasa Charlotte ana vijana wengine kambini anaowaandaa. Mmoja haoni vizuri, mwingine amekatwa mguu. Anawaeleza kuhusu meza, maji na mashindano. Mzazi akianza kumnong'oneza mtoto wake, Charlotte humpeleka kwa Antoinette. Antoinette hamhubirii. Anamwambia simama wima, anampima kiuno kwa futi, na anamwacha avute tumbo. Halafu anaanza kueleza. Rosette naye amerudi kwenye Jumamosi zake, na kocha amemwandikisha kwa mashindano yajayo.

Juzi makarani walikuja kuhakiki familia za kambini. Antoinette na Rosette waliitwa. Karani alikuwa kijana anayejua Kiswahili, amechoka, na hakuinua kichwa.

"Huyu binti ana shida gani?"

"Muguu wa kuume, ni polio," alisema Antoinette. "Anatembea na fimbo. Hawezi kubeba ndoo ya maji. Mulima unamuchosha."

Karani aliandika. Alingoja zaidi, maana amezoea watu wakiongeza. Hakikuja kitu.

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu. Sasa niulize kitu anaweza."

Karani akainua kichwa. Alimtazama mama, akamtazama na binti mwenye fimbo. Akaweka kalamu chini.

"Haya, mama. Anaweza nini?"

Antoinette akavuta kiti, akakaa. Akaanzia mbali, Uvira, jioni, ziwani, na kiganja cha Robert chini ya tumbo la mtoto.